Fensi ya michongoma chini iko wazi, na jirani kapandisha ghorofa: naomba ushauri wa ua wa kuzuia macho

Mama Kibaha (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina kiwanja Kibaha, mita 20 kwa 30, nyumba ipo katikati. Upande wa mbele, wa barabarani, aliyeniuzia alishapanda michongoma na sasa imepita kimo cha mtu. Juu imefunga vizuri, ila kuanzia magotini kushuka ni vijiti vitupu. Kuku wa mtaa mzima wanapita, mbwa wanapita, na mtu akichuchumaa kufunga kamba za viatu pale barabarani anaona mpaka masufuria yangu kwenye karo.

Upande wa magharibi, ule wa mita 30, hakuna kitu. Ni bikoni mbili na kamba. Huko ndiko jirani kapandisha ghorofa, na dirisha la juu linatazama moja kwa moja kwenye baraza yangu ya nyuma, ninapokaa jioni na khanga yangu nachambua mchicha. Sina ugomvi naye, kajenga kwake. Mimi nataka stara.

Ninachoomba:
Michongoma ya mbele nifanyeje izibe chini? Niingize miche mipya kwenye matundu?
Upande wa magharibi nipande nini kifunge kabisa, na nianzeje ili yasinikute ya mbele?

Ardhi ni ya kichanga. Maji ya bomba yapo ila hayatoki kila siku. Nina watoto wawili wadogo. Karibuni.

Kijana wa Goba

Nawahi siti ya mbele. Kwangu hali ni hiyohiyo ila ni duranta.

Fundi Tofali

Dada yangu, usijitese. Miti utamwagilia, utakatia, utapalilia, na mwisho wa siku kibaka anapita. Piga ukuta wa tofali za inchi sita, kozi kumi, lipu, umemaliza. Ukuta hauombi maji.

Mama Kibaha

Kaka Fundi, ukuta wa mita 30 nimeshaupigia hesabu, nguzo, msingi, saruji na wewe mwenyewe, nikafunga daftari. Halafu kile kiupepo cha jioni kinatoka upande huohuo. Nikizungushia tofali nitakuwa nakaa kwenye tanuri.

Ngosha wa Magu

Panda minyara mama. Kwetu Usukumani ndiyo fensi tangu enzi za mababu. Unakata vijiti, unaviacha vinyauke kidogo pale kwenye jeraha, unachomeka ardhini, basi. Haitaki maji, ng'ombe hali, mbuzi hali, mchwa hana habari nayo. Watu wa pwani wanaiita minyaa.

Nesi Zamu

Ngosha, umesoma pale alipoandika "watoto wawili wadogo"? Utomvu wa minyaa ni mweupe, unaruka ukivunja tawi tu, na ukiingia jichoni ni maumivu makali, jicho linavimba na mtu anaweza asione kwa muda. Anayeikata avae miwani na nguo za mikono mirefu. Likitokea la kutokea, osha jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, robo saa au zaidi, usisugue, kisha twende hospitali. Porini kwenye zizi sawa. Mita tatu kutoka kwenye bembea ya mtoto, hapana.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kuna ule mti wa maua ya njano ya tarumbeta, majani membamba marefu, tunda la kijani. Watu wanaupanda fensi kwa sababu mbuzi haugusi. Haugusi kwa sababu una sumu ya moyo, mti mzima, na mbegu ndiyo zaidi. Oleanda ya maua ya waridi vivyo hivyo. Duranta nayo, vile vitunda vya rangi ya chungwa vinavyoning'inia kwa vishada si vya kula, na mtoto wa miaka miwili anaona pipi. Ukiwa nayo, ikatie mara kwa mara isifike kuzaa.

Kijana wa Goba

Duuh. Kesho asubuhi mkasi.

Mzee Mkasi

Mama Kibaha, nimekusoma vizuri. Mimi nipo Arusha, kazi yangu ni kukata fensi za watu, nimezikata tangu nikiwa kijana. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Kwanza tujue kwa nini ua unakuwa na miguu. Mti ukiachwa unakimbilia mwanga. Ile ncha ya juu kabisa, maadamu iko hai, inayalaza macho yote yaliyo chini yake pembeni mwa shina. Ukiikata ncha, macho mawili matatu yaliyo chini tu ya mkasi yanaamka na kutoa matawi. Kwa hiyo ukikata kwenye futi moja, matawi yanaanzia futi moja. Ukisubiri mche ufike mita mbili ndipo uulinganishe juu, matawi yataanzia mita mbili, na kule chini utabaki na vijiti hivyo unavyoviona. Aliyekuuzia hakukosea mti wala mbolea. Aliuonea huruma mche.

Hapa ndipo karibu kila mtu anapoharibu. Wateja wangu wananiambia, "Mzee usiiguse, iache kwanza ifike kimo." Nawajibu kwamba ikishafika kimo, kazi ya chini imeshapita. Ua unafungwa katika mwaka wa kwanza na wa pili, ukiwa bado unaruka juu yake kwa mguu.

Utaratibu wangu ni huu. Mche ukishashika, unaona majani mapya yametoka na hautikisiki ukiuvuta kidogo, nakata ncha, naacha sentimita 25 hadi 30. Mwenye mche analia, namwacha alie. Matawi mapya yakifika urefu wa kiganja na vidole, nakata nusu. Yakirudi, nakata tena nusu, juu na pembeni. Kila mara ua unapanda kidogo tu, ila unapanda ukiwa umejaa. Msimu wa mvua unaweza kukata kila baada ya wiki sita hivi, kiangazi unauacha upumue.

Jambo la pili ni ubavu. Chini pawe papana kuliko juu. Kwa ua wa mita mbili, chini naacha sentimita 80 hivi, juu 40 hadi 50. Watu wengi wanafanya kinyume bila kujua, kwa sababu juu ndiko mti unakokua kwa nguvu na chini mkono unachoka kuinama. Juu pakiwa papana panatupa kivuli chini, na tawi lililokosa mwanga linapukutisha majani na kufa. Ndiyo hali ya mbele kwako. Funga kamba mbili, moja chini moja juu, ukate kwa kufuata kamba. Usiamini jicho, jicho linakupeleka upogo.

Nitarudi kwenye michongoma yako ya zamani. Ila nijibu kwanza, majani yake yakoje? Kuna miti zaidi ya mmoja watu wanaita mchongoma, na haikatwi sawa.

Mama Kibaha

Mzee shikamoo, na asante sana. Majani ni madogo, yanakaa mawili mawili, miiba mifupi mikali pale jani linapoanzia. Inazaa maganda yaliyojipinda, yakiiva yanapasuka, ndani kuna nyama nyeupe na nyekundu kidogo, mbegu nyeusi inang'aa. Watoto wanakula ile nyama.

Mzee Mkasi

Marahaba. Hiyo ndiyo michongoma ya pwani, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, kitaalamu Pithecellobium dulce. Bahati yako. Huo mti ukikatwa unachipua kwa hasira. Kule juu kwetu tukisema mchongoma mara nyingi tunamaanisha ule wa majani ya mviringo yanayong'aa, tunda la njano chachu na miiba mirefu ya kutoboa tairi.

Kiambu Juu

Huo wa pili sisi Kenya tunauita kayaba. Huku Kiambu ni fensi ya kila boma la zamani. Umetoka Afrika Kusini, kando ya mto Kei. Ng'ombe hapiti, mwizi akipita anaacha shati na ngozi. Ila mwanzoni unajivuta sana, mtu anakata tamaa. Ukishatia mizizi ndio unaanza kukimbia, na ukiukata vizuri hata kuku hapenyi. Mimi hutengeneza jemu na yale matunda, sukari ni nyingi lakini yanafaa. Na mjue kuna dume na jike, dume halizai, kwa fensi haina shida.

Saipresi je? Hapa kwetu ndio fensi ya kifahari.

Mzee Mkasi

Saipresi ni nzuri mahali pa baridi na mikononi mwa mtu asiyesahau. Ukiukata ukapita sehemu yenye majani mabichi ukaingia kwenye kuni, pale hapachipui tena milele, unabaki na shimo la kahawia. Kwa hiyo ukizembea misimu miwili, hakuna kurudi nyuma. Halafu kuna wale vidukari wa msaipresi. Waliingia Malawi mwaka 1986, Kenya mwaka 1990, wewe wa Kiambu lazima unakumbuka fensi zilivyokauka upande mmoja kana kwamba zimebabuliwa na moto.

Kibaha kwa joto lile, aisahau.

Kiambu Juu

Nakumbuka sana mzee. Baba aling'oa fensi nzima, akapanda kayaba.

Mchaga wa Marangu

Sisi mpaka ni masale tu, ile mimea ya majani marefu. Hayazuii macho kivile, lakini hakuna mtu mwenye akili anayeng'oa masale ya mpakani. Kesi ya ardhi ikifika kwa wazee, wanaangalia masale yalipo. Na ukimkosea mtu ukampelekea jani la masale, umeomba msamaha, yameisha.

Kijana wa Goba

Mama Kibaha ampelekee jirani jani la masale afunge dirisha 😂

Mzee Mkasi

Turudi kwenye michongoma ya mbele.

Swali lako la kuingiza miche kwenye matundu, jibu ni hapana. Mche mdogo ukiuweka chini ya ua wa zamani hauna mwanga, na mizizi ya wakubwa inaunyang'anya maji na chakula. Utakaa umedumaa na kufa kiangazi cha kwanza.

Dawa ni kuushusha wote. Mvua za masika zikishika sawasawa, mwezi wa tatu mwishoni hivi, kata mashina yote yabaki sentimita 30 kutoka ardhini. Msumeno wenye meno makali, na ukate mshazari kidogo ili maji yasituame juu ya kisiki. Panga butu linapasua shina na kuozesha. Legeza udongo pembeni, mwaga samadi iliyooza, debe moja kwa kila mita moja, na subiri. Baada ya wiki chache utaona machipukizi mengi kila kisiki. Hapo sasa unaanza kama mche mpya: yakifika urefu wa kiganja na vidole kata nusu, na kuendelea kama nilivyoeleza.

Kama kuna kisiki kilichokufa na kimeacha tundu, chukua chipukizi refu la jirani yake, lilaze lipite kwenye tundu karibu na ardhi, lifunge kwa kamba kwenye kijiti. Tawi lililolala linatoa machipukizi urefu wake wote. Hiyo inaziba kuliko mche.

Kama hutaki kubaki wazi barabarani, kata nusu masika hii, nusu masika ijayo. Mimi ningekata yote na kufunga makuti kwa muda. Nusu kwa nusu inaacha ua wa vimo viwili, na ile nusu ndefu itaitia kivuli hii fupi.

Fundi Tofali

Mzee unamwambia dada akate fensi yote abaki wazi? Vibaka watakushukuru.

Mzee Mkasi

Fundi, kwa sasa chini kote pako wazi na mbwa wanapita bila kuinama. Kibaka gani anayezuiwa na majani ya juu?

Bibi wa Tanga

Wanangu, mimi naogopa nyoka. Fensi nene ndiyo makazi yao.

Mzee Mkasi

Bibi, shikamoo. Hofu yako ina msingi. Ila nyoka anafuata chakula, na chakula chake ni panya, mijusi na vyura. Fensi inayotupiwa mifuko, makopo na mabaki ya ugali ina panya, na penye panya nyoka anakuja, hata pawe na ukuta. Fagia chini ya ua, usirundike matofali wala kuni pale, nyasi za pembeni ziwe fupi. Na anayepalilia chini avae buti, asiingize mkono asipopaona.

Mama Kibaha

Shukrani nyingi kwenu wakubwa zangu. Sasa magharibi mzee. Nipande hiyohiyo michongoma? Na itafika kimo cha kuziba lile dirisha?

Mpima Ardhi

Hilo la dirisha niachieni mimi, ni hesabu za kazini.

Watu wanafikiri ghorofa linazibwa kwa kurefusha fensi. Inategemea wewe umekaa wapi. Chukulia macho ya mtu pale dirishani yapo mita 5 kutoka ardhini, na ukuta wa nyumba yake uko mita 6 ng'ambo ya ua wako. Wewe umekaa kwenye kiti, macho yako yapo mita 1.2.

Ukikaa mita 9 kutoka kwenye ua, ua unatakiwa uwe karibu mita 3.5 ndipo umkate asikuone.
Ukikaa mita 4, mita 2.7 zinatosha.
Ukisogea mpaka mita 2 kutoka kwenye ua, mita 2.15 tu.

Kadiri unavyosogelea ua ndivyo unavyojificha. Kwa hiyo kabla ya kuota fensi ya mita nne ambayo utahitaji ngazi kuikata, hamisha mkeka. Jenga kibanda cha kukalia karibu na upande huohuo wa magharibi, badala ya kukaa chini ya ukuta wa nyumba. Pima kwako, vipimo vyangu ni vya mfano.

La pili, usipande juu ya mstari wa bikoni kwa bikoni. Ingia ndani mita moja. Ua ukinenepa utabaki kwenye ardhi yako, na utaweza kukata mgongo wake bila kuomba ruhusa ya kuingia kwa jirani. Nimeona kesi za mipaka zilizoanza na mti mmoja ulionenepa. Na bikoni zenyewe zibaki zinaonekana, usizifukie kwa samadi. Upande wa barabara nao hakikisha haujaingia hifadhi ya barabara, siku wakipanua hawalipi mti.

Mama Kibaha

Mpima umenifungua macho. Sasa hivi nakaa hapo chini ya ukuta wa jikoni, ni kama mita 9 kweli. Jamani.

Kijana wa Goba

Na miashoki? Naona mahoteli wanapanda mstari mmoja, inasimama mirefu.

Mzee Mkasi

Mwashoki ni mzuri kwa ghorofa, kwa sababu ni mwembamba na majani yanashuka karibu na ardhi kama haujabanwa na kivuli. Lakini ni pazia, si ua. Mtu anapita katikati, mbuzi anapita. Mimi ningepanda michongoma urefu wote wa mita 30, halafu miashoki mitatu minne tu, mita moja na nusu kati ya mmoja na mwingine, pale mbele ya dirisha lenyewe, upande wa ndani na usiwe karibu mno na ua. Angalia juu kwanza kama nyaya za TANESCO hazipiti hapo.

Fikasi nakukataza. Inafunga haraka na inapendeza ikikatwa pembe nne, lakini mizizi yake inafuata maji. Itakuta bomba, itakuta shimo la maji taka, itainua sakafu ya baraza.

Mianzi nayo uulize kwanza ni ya aina gani. Ipo inayokaa kwenye kichaka chake na ipo inayotembea chini ya ardhi ikatokea sebuleni kwa jirani.

Bogenvilia ni nzuri juu ya fremu ya hicho kibanda alichosema Mpima. Jua kali, maji kidogo, na kwa juu inakuzibia dirisha bila kungoja ua.

Sasa upandaji. Kwa mita 30, chimba mfereji mmoja, sio mashimo. Upana sentimita 60, kina 40 hadi 50. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya wa juu na samadi iliyooza, urudishe kwanza huo. Kichanga cha Kibaha hakishiki maji, samadi ndiyo itakayoshika. Usijaze hadi juu, acha mfereji uwe chini ya usawa wa ardhi kwa vidole vinne hivi, ili ndoo unayomwaga ikae hapo isikimbilie barabarani.

Panda mistari miwili, sentimita 30 hadi 40 kati ya mstari na mstari, na mche kwa mche sentimita 30, kwa kupishana: mche wa mstari wa pili unasimama mbele ya nafasi ya mstari wa kwanza. Kwa mita 30 ni miche 100 kila mstari, jumla 200, ongeza 20 ya kuzibia itakayokufa. Hiyo ya akiba ikuze kwenye viriba pembeni, iwe na umri mmoja na wenzake.

Funika kwa matandazo ya nyasi kavu, ila yasiguse shina. Yakigusa, mchwa wanapata daraja.

Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua. Mwagilia mara mbili kwa wiki kwa maji ya kutosha yazame, badala ya kunyunyiza kila jioni. Ukinyunyiza, mizizi inabaki juu juu, na siku bomba lisipotoka mti unakufa.

Ngosha wa Magu

Mbuzi watazimaliza hizo. Michongoma michanga ni chakula kizuri sana cha mbuzi.

Mzee Mkasi

Ngosha hapo umesema kweli. Zungushia matawi ya miiba kwa mwaka wa kwanza, au seng'enge mistari mitatu upande wa nje. Hiyo seng'enge kama utaiacha, iwe nje ya ua. Wengi wanaipitisha katikati, miti inaimeza, na mimi ndiye ninayekuja kuvunja mkasi wangu.

Nesi Zamu

Niongeze moja kwa wanaokata. Mwiba wa mchongoma ukizama mguuni, usimalizie kwa kutoa na kupaka mate. Jeraha la kuchoma ndilo la pepopunda. Osha kwa sabuni, nenda kituo cha afya uulize kuhusu chanjo kama hukumbuki ya mwisho ulichoma lini. Na matawi yaliyokatwa yasilale usiku njiani, yatatoboa ndala za watoto na tairi za bodaboda.

Bibi wa Tanga

Na ile mizizi ya njano je? Kwangu imefunika duranta yote, inatambaa kama tambi, haina jani.

Mzee Mkasi

Bibi, hiyo ni mlangamia, na usingoje kesho. Inanyonya mti kwa vijinywa vidogo, haina tena haja ya ardhi. Ukiivuta kwa mikono, kipande kinachobaki kimejiviringisha kwenye tawi kinaanza upya. Kata matawi yote iliyoyashika, ukishuka chini ya pale inapoishia, weka kwenye gunia palepale usiburuze uani, kisha choma moto. Duranta itachipua. Rudi kuikagua kila wiki, na uhakikishe haifiki kutoa maua, maana mbegu zake zinalala ardhini miaka. Osha mkasi kabla hujaenda kwenye ua mwingine. Mafundi wengi ndio wanaoisambaza, wanatoka kwa mama huyu wanaenda kwa mama yule na vipande kwenye toroli.

Kijana wa Goba

Mzee, panga linafaa au lazima mkasi? Na mashine ya petroli?

Mzee Mkasi

Kwa vichipukizi vya mwaka wa kwanza, mkasi wa fensi wenye mikono mirefu, ulionolewa. Panga kali mikononi mwa anayelijua linafanya kazi safi, nimeona vijana wakinyoosha mita mia kwa panga tu, ila kwa mche mdogo linauyumbisha na kuukata mizizi. Mashine ni ya ua uliokwisha kufunga. Ukiileta mapema inakata kila kitu sawasawa juu na kusahau chini.

Mama Kibaha

Mzee, Mpima, Nesi, wote, Mungu awabariki. Nimeelewa: mbele nashusha masika, magharibi mfereji, mistari miwili, kibanda nasogeza. Swali la mwisho, hiyo miche 220 naipata wapi? Nimepita vitalu vya barabarani, wananionyesha miashoki na mauamaua tu.

Mzee Mkasi

Usinunue. Unayo mbele ya nyumba. Kabla hujaikata hiyo ya zamani, okota maganda yaliyopasuka, toa mbegu nyeusi, wape watoto nyama. Chagua zilizojaa, zisizo na tundu la mdudu. Loweka usiku mmoja, zinazoelea tupa. Kama utaweza kulinda mfereji na kuku, panda mbegu moja kwa moja, sentimita 15 kati ya mbegu na mbegu, mistari miwili vilevile, ni mbegu 400, kisha ung'oe dhaifu moja katikati. Mti uliooteshwa palepale unashusha mzizi mrefu na hauvunjiki kiangazi. Kama kuku wamekushinda, tumia viriba, anza mwezi wa kwanza ili mwezi wa tatu miche iwe na kiganja.

Kijana wa Goba

Mama Kibaha zikibaki mbegu nifungie kwenye kigazeti, nitapita Kibaha Jumamosi.

Mama Kibaha

Zipo tele, njoo na ndoo. Ila ukifika usichuchumae barabarani.